Pini Hazijitambulishi: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Kabla Hujasema Kihisi Kimekufa

Haipiti wiki bila kijana kuingia karakana yetu hapa Miyuji, Dodoma, na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi mkononi, waya zikining'inia kama mizizi ya muhogo.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Kihisi kimekufa."

Ninakichukua, ninakifunga kwenye bodi yangu, kinasoma. Kihisi ni kizima. Ila hakuna mtu aliyeiambia kerneli kwamba kipo.

Ukichomeka flashi au kipanya kwenye tundu la USB, kifaa chenyewe hujitaja. Hutoa namba ya mtengenezaji na namba ya aina yake, na kerneli, yaani kile kiini cha mfumo kinachosimama kati ya programu zako na vyuma, hukitafutia draiva inayofaa. Pini 40 zilizopangwa pembeni mwa bodi hazina adabu hiyo. Ni vyuma vitupu. Kerneli hujua kilichofungwa hapo kwa kusoma orodha iitwayo mti wa vifaa, na orodha hiyo huongezewa mistari na wewe kupitia faili la config.txt. Usipoandika, kerneli inakaa kimya. Ukiandika uongo, inakuamini.

Kimya kinavumilika, maana utajua kuna kosa na utalitafuta. Kinachonitia ukali ni namba ya uongo inayofanana na kweli. Kaskazini mwetu, ukifuata barabara ya Arusha na kuipita Msalato, kuna visima vya Makutupora vinavyoinywesha Dodoma. Kina cha maji ya bonde lile kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950. Mwaka 2013 Richard Taylor wa University College London na wenzake walichapisha katika jarida la Nature Climate Change uchambuzi wa vipimo vya miaka 55 kutoka hapo. Walionyesha kwamba maji ya ardhini hujazwa hasa na misimu michache yenye mvua kubwa kupita kawaida, na kilele chake kilikuwa El Niño ya 1997 na 1998. Kwa maneno mengine, anayepima mvua au kisima katika nchi hii kame anasubiri mwaka hadi mwaka kwa ajili ya wiki chache tu. Wiki hizo zikiandikwa vibaya, hakuna wa kuzirudisha.

Kwa hiyo yafuatayo ni masharti. Yamebandikwa ukutani kwetu, na anayefanya kazi mezani petu huyafuata.

KABLA YA KUWASHA

Fanya: zima, chomoa chaja, ndipo ushike waya. Kuzima maana yake ni kutoa amri ya kuzima na kusubiri taa ya kijani itulie. Kung'oa waya wa umeme ghafla ni kuiua memori kadi polepole.

Fanya: hesabu pini kuanzia pini namba 1, kwa kidole, kila mara. Namba ya pini kwenye mstari na namba ya GPIO, yaani jina la pini hiyo ndani ya mfumo, ni vitu viwili tofauti. I2C, 1-Wire, UART na SPI ni njia za bodi kuzungumza na vifaa vilivyofungwa humo. Pini ya 3 ni GPIO2, pini ya 5 ni GPIO3, na hizo mbili ndizo njia ya I2C. Pini ya 7 ni GPIO4, ambako 1-Wire hukaa usipoamua vingine. Pini za 8 na 10 ni za UART. Pini za 19, 21, 23, 24 na 26 ni za SPI. Ziandike kwenye karatasi, uibandike ndani ya kifuniko cha boksi.

Usipeleke volti 5 kwenye pini yoyote ya GPIO. Pini hizi ni za volti 3.3 na hazina kinga. Wanaopima maji ya simtanki kwa kihisi cha mwangwi cha HC-SR04 ndio wanaoongoza kwa kuziunguza: kihisi kile hula volti 5, na mguu wake wa Echo hurudisha volti 5 zile zile. Weka rezista mbili, ya omu 1,000 na ya omu 2,000, zigawane volti hizo kabla hazijafika kwenye bodi. Rezista mbili ni bei ya chai. Bodi ni mshahara.

Usilishe moduli ya saa ya DS3231 kwa volti 5 kwa sababu tu maandishi yake yanaruhusu. Moduli nyingi za sokoni zina rezista zinazovuta njia ya I2C kuelekea umeme unaozilisha. Ukizipa volti 5, njia nzima inapanda hadi 5, na pini ya 3 na ya 5 zinalipa gharama. Ipe volti 3.3. Inatosha.

Fanya: gusa chuma kilichofika ardhini kabla ya kugusa bodi, hasa kuanzia Juni hadi Oktoba. Hewa ya Dodoma wakati wa kiangazi ni kavu kiasi kwamba ukivua sweta asubuhi unasikia inatatarika. Cheche hiyo usiyoijali inatosha kuitoboa saketi.

KWENYE CONFIG.TXT

Fanya: hakikisha unahariri faili lenyewe. Tangu toleo la mfumo liitwalo Bookworm, la mwaka 2023, faili hilo liko /boot/firmware/config.txt. Zamani lilikuwa /boot/config.txt, na huko sasa utakuta maandishi machache ya kukuelekeza kwingine. Nimemwona mtu akihariri faili la zamani jioni nzima na kuwasha upya mara tisa, huku kerneli ikiwa haijaona hata herufi moja ya alichoandika.

Fanya: nakili kabla ya kugusa. Amri ni moja: sudo cp config.txt config.txt.nzima. Bodi ikigoma kuwaka, chomoa kadi, iweke kwenye kompyuta yoyote, rudisha nakala. Sehemu ya kadi yenye faili hilo husomeka hata kwenye Windows, kwa hiyo hakuna sababu ya kuanza kuflashi kadi upya.

Fanya: washa unachokihitaji, mstari mmoja kwa wakati mmoja. dtparam=i2c_arm=on kwa I2C. dtparam=spi=on kwa SPI. dtoverlay=w1-gpio kwa 1-Wire. enable_uart=1 kwa UART. Andika mmoja, washa upya, thibitisha, ndipo uende wa pili. Anayependa menyu atumie raspi-config, nayo huandika mistari hiyo hiyo, lakini baadaye afungue faili asome kilichoandikwa.

Usiwashe kila kitu "ili kiwepo tu". Kila njia inayowashwa inamiliki pini zake. Ukiwasha SPI halafu ukafunga relei ya pampu kwenye GPIO8, umeipa nyumba moja wapangaji wawili. Pampu itawaka siku ambayo hukuiagiza.

Usiandike mstari wako chini ya mabano bila kusoma mabano yanasemaje. Mwishoni mwa faili kuna vichwa kama [cm4] na [cm5]. Mstari ulio chini ya [cm4] unasomwa na bodi ya aina hiyo peke yake, na Pi yako ya kawaida inauruka kimya kimya. Mstari wa watu wote uweke chini ya [all].

Usitegemee mfumo ukukaripie ukikosea tahajia. Ukiandika dtoverlay=w1-gipo, bodi itawaka vizuri, kishale kitapepesa, na kihisi hakitaonekana. Lawama zimeandikwa mahali usipopaangalia: toa amri sudo vclog --msg usome.

Usifuate maelekezo ya zamani bila kutazama tarehe. Ukikutana na anayekuambia uhariri raspi-blacklist.conf, jua anazungumzia enzi kabla ya 2015, kabla kerneli ya Raspberry Pi haijahamia kwenye mti wa vifaa. Kwa wakati wake alisema kweli. Leo anakupotezea siku.

Usijenge kerneli upya. Vijana wawili walikuja wakiwa wamekesha usiku kucha wakikompaili kerneli, na bando limeisha, ili kuwasha I2C. Draiva ilikuwemo tangu mwanzo. Ilikosa mstari mmoja. Kabla ya kujenga chochote, tafuta kwenye /boot/firmware/overlays. Nyongeza zinazokuja na mfumo ni mamia, na faili la README humo ndani linaeleza kila moja.

Usitumie rpi-update kwenye kifaa kinachofanya kazi. Amri hiyo huleta kerneli za majaribio. Masasisho ya kawaida huja kwa sudo apt full-upgrade, tena uyafanye ukiwa mezani, kamwe kifaa kisiwe juu ya mnara.

BAADA YA KUWASHA

Fanya: panda ngazi kwa mpangilio, usiruke. Ngazi ya kwanza: je, njia ipo? Toa ls /dev/i2c-1. Kama haipo, kosa liko kwenye config.txt au moduli ya i2c-dev haijapakiwa, na kihisi hakina hatia. Ngazi ya pili: je, kuna anayeitika? Toa i2cdetect -y 1. Ngazi ya tatu: aliyeitika ni nani? Ngazi ya nne: anachosema kina maana? Wengi huanzia ya nne, wakiwa na programu ya mistari mia mbili waliyoinakili, kisha wanaulaumu mstari wa mia na themanini.

Ngazi ya tatu ndiyo inayodharauliwa zaidi, kwa hiyo nitaieleza kwa mfano. Kijana alinunua kihisi cha BME280, kinachopima joto, mgandamizo na unyevu. i2cdetect ikaonyesha 76, anwani sahihi kabisa. Joto likasoma, mgandamizo ukasoma, unyevu ukagoma. Nikamwambia atoe amri hii:

i2cget -y 1 0x76 0xd0

Ikarudi 0x58. BME280 hujibu 0x60. Anayejibu 0x58 ni BMP280, ndugu yake wa bei ndogo asiye na kipima unyevu, mwenye umbo linalokaribiana na anwani ile ile. Aliuziwa ndugu. Namba moja ikamaliza mjadala wa siku tatu.

Usishtuke ukiona UU mahali pa namba. UU maana yake draiva ya kerneli imeshaishika anwani hiyo. Ni habari njema.

Usiache mabwana wawili waamuru kihisi kimoja. Chagua. Ama unaandika dtoverlay=i2c-sensor,bme280, kerneli inasoma yenyewe na wewe unachukua majibu kwenye /sys/bus/iio/devices, ama unaacha njia wazi na programu yako ya Python inazungumza na kihisi moja kwa moja. Ukitaka yote mawili, utaambiwa kifaa kinatumika, na utafikiri kimeharibika. Tena ukipitia kerneli, angalia vipimo vyake: mgandamizo huja kwa kilopaskali, na joto kwa sehemu za elfu za nyuzi.

Fanya: jua namba ya nyumbani kwako. Dodoma iko mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa hapa hucheza karibu na hektopaskali 885 hadi 890. Nimeletewa vihisi "vibovu" kadhaa vilivyosoma 887, kwa sababu mwenye navyo alisoma kitabuni kwamba kawaida ni 1013. Hiyo 1013 ni ya pwani. Kihisi kikisoma 1013 hapa Miyuji, hicho ndicho cha kutilia shaka, au mtu ameshakibadilisha kipimo kiwe cha usawa wa bahari bila kukuambia.

Usiikubali nyuzi 85. Kihisi cha joto cha DS18B20 kikipata umeme na kuombwa jibu kabla hakijapima, hutoa 85000, yaani nyuzi 85 kamili. Ni thamani kinayoamka nayo. Maji ya kisima hayajawahi kuwa nyuzi 85. Programu yako iikatae, isome tena. Na uhakikishe mstari wa kwanza wa faili la w1_slave unaishia na YES. Ukiishia na NO, namba iliyo chini yake itupe. Rezista ya omu 4,700 kati ya waya wa data na volti 3.3 ni lazima, hata kama "bila hiyo ilisoma".

Usiiache konsoli kwenye UART unayotaka kufungia kifaa. raspi-config hukuuliza maswali mawili. La kwanza: je, unataka kuingia kwenye mfumo kupitia UART? Jibu hapana. La pili: je, vyuma vya UART viwashwe? Jibu ndiyo. Ukijibu ndiyo kwa la kwanza, kila bodi ikiwaka kerneli itamwaga maelezo yake yote kwenye waya ule ule uendao kwenye modemu au kidhibiti cha pampu, na kifaa hicho kitajaribu kuyaelewa kama amri.

Fanya: TX kwa RX, na RX kwa TX. Mdomo wa mmoja ukutane na sikio la mwenzake.

Usiendeshe kila kitu kwa sudo kwa sababu bila sudo kimegoma. Mwingize mtumiaji kwenye makundi ya i2c, spi, gpio na dialout, atoke, aingie tena.

Usihamishe kadi ya Pi 4 kwenda Pi 5 ukategemea namba zile zile. Kwenye Pi 5, iliyotoka mwaka 2023, pini zinahudumiwa na chipu nyingine iitwayo RP1. Programu zinazotumia RPi.GPIO au /sys/class/gpio kwa namba za zamani hugoma. Tumia libgpiod, na uanze kwa gpioinfo uone pini inaitwaje.

KIKISHAFUNGWA NJE

Fanya: pima umeme ukiwa pale pale kifaa kinapokaa. Toa vcgencmd get_throttled. Jibu linalokubalika ni 0x0. Ukiona 0x50005, volti zilishuka na hata sasa ziko chini, na kihisi kitatoa upuuzi bila kosa lake. Chaja ya simu na waya mwembamba wa mita tatu havifai kazi hii.

Usivute waya za I2C mita kumi. I2C ilibuniwa kwa chipu zinazokaa ubao mmoja. Ikizidi nusu mita, punguza mwendo kwa dtparam=i2c_arm_baudrate=10000. Ikizidi hapo, badili njia: 1-Wire kwa joto, RS485 kwa kina cha kisima.

Fanya: jifunze kwa waliotangulia. Vituo vya hali ya hewa vya mradi wa 3D-PAWS, vilivyobuniwa na UCAR ya Marekani na kufungwa Kenya na Zambia, vilianza na Raspberry Pi na vihisi vya I2C kama hivi unavyonunua, vikiwa ndani ya plastiki iliyochapwa. Umbo la kivuli chake cha sahani zilizopangana halikuja kwa urembo. Kihisi kikikaa juani, kinapima jua.

Usifunge kifaa kisicho na saa. Hili ndilo lililonifanya niandike masharti yote haya, na kosa lilikuwa langu.

Tulifunga kipima mvua juu ya paa, kila kibakuli kikipinduka inahesabiwa sehemu ya milimita. Usiku mmoja wa Januari, saa mbili hivi, radi ikapiga, umeme ukakatika, mtandao nao ukaenda. Umeme ulirudi saa nane usiku, na mvua ilikuwa bado inanyesha. Pi zilizotangulia ya 5 hazina saa ndani yake. Zikiwaka bila mtandao huendelea na muda wa mwisho zilioukumbuka. Yetu ikaamka ikidhani ni saa mbili kasoro. Ikaandika mvua ya alfajiri juu ya mvua ya jioni, kibakuli kwa kibakuli, kwa uaminifu wote. Asubuhi mtandao uliporudi, saa ikaruka mbele, na katikati likabaki shimo la saa sita. Kila milimita ilihesabiwa sawasawa, lakini hatukuweza kusema ilinyesha lini. Tukafuta usiku mzima, na ulikuwa usiku wenye mvua nyingi kuliko yote ya mwezi ule.

Ndiyo maana sasa kila kifaa kinachotoka hapa kina DS3231 yenye betri yake, na mstari dtoverlay=i2c-rtc,ds3231 kwenye config.txt. Kabla hakijatoka mlangoni tunachomoa mtandao, tunachomoa umeme kwa saa moja, tunawasha, tunatoa sudo hwclock -r. Ikisema saa sahihi, kinaondoka. Mwenye Pi 5 asijione amepona: saa ipo, lakini betri yake hununuliwa kando.

Fanya: kamilisha kazi yote kabla ya Desemba. Mvua kubwa zinazoijaza Makutupora huja pamoja na radi na kukatika kwa umeme. Kifaa kilichojaribiwa Agosti, mbingu nyeupe na umeme umetulia, hakijajaribiwa.

Usije karakana kusema "kimekufa". Njoo na daftari lenye vitu vinne: config.txt yako, jibu la i2cdetect, mistari ya mwisho ya dmesg (kumbukumbu ya kerneli), na picha ya waya jinsi zilivyofungwa. Nusu ya wanaoketi kuviandika vitu hivyo hukuta kosa kabla hawajafika cha tatu, na nauli ya kuja Miyuji inabaki mfukoni.